Digrii Saba na Nusu

Petroli haiwaki yote kwa mkupuo. Wengi wetu tunaoendesha magari tunaamini kwamba cheche ikisharuka kwenye plagi kazi imekwisha papo hapo: kishindo kimoja, pistoni chini. Sivyo. Moto huanzia kwenye ncha ya plagi, ukatanda, ukafika kwenye kuta za silinda, na safari hiyo huchukua kama sehemu mbili za elfu moja za sekunde. Kwetu huo si muda hata wa kupepesa jicho. Kwa injini ni muda mrefu. Ikinguruma polepole, mizunguko 850 kwa dakika, kranki hugeuka digrii 10 hivi moto ukiwa bado njiani. Ikikanyagwa ikafika mizunguko 3,000, muda uleule huitosha kugeuka digrii 36, yaani sehemu moja ya kumi ya mzunguko mzima.

Kwa hiyo cheche haiwezi kungoja pistoni ifike juu. Lazima itangulie, ili nguvu ya moto ifikie kilele pistoni ikiwa imeshaanza kuteremka kidogo, kwenye digrii 15 hivi baada ya kufika juu. Ikitangulia mno, moto hukutana na pistoni inayopanda, injini ikapigana na yenyewe, vichwa vya silinda vikapata joto la kupindukia. Ikichelewa, moto humfukuza mtu aliyekwisha kuondoka: joto linaishia kwenye ekzosti, gari linakuwa zito, na petroli imelipiwa bure. Kuseti taimingi ni kuamua cheche itangulie kwa kiasi gani. Uamuzi huo katika gari la zamani hufanywa kwa mkono, kwa kulegeza boliti moja na kugeuza kikopo kimoja, na mikono inayoufanya vizuri inapungua kila mwaka.

Hapo mwanzo kazi hii aliachiwa dereva. Ford Model T, iliyoundwa Marekani tangu 1908 hadi 1927, ilikuwa na wenzo mdogo chini ya usukani, upande wa kushoto, wa kuwahisha au kuchelewesha cheche gari likiwa linakwenda. Dereva mzuri alijulikana kwa namna alivyouchezea. Asiyekuwa makini alijulikana pia, kwa sababu ukisahau kuichelewesha cheche kabla ya kuzungusha hendeli ya mbele, hendeli hukurudia kwa nguvu ya kuvunja mkono. Baadaye wahandisi wakamwondolea dereva mzigo huo, wakaubana ndani ya distribyuta.

Nitaisimulia kazi hii kupitia Volkswagen Beetle, kwa sababu ndiyo injini niliyoitazama kwa muda mrefu zaidi na kwa sababu gari hili lina historia na barabara zetu. Lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na tena 1962, likiendeshwa mara hiyo ya mwisho na Tommy Fjastad na Bernhard Schmider. Duniani kote yaliundwa 21,529,464, la mwisho likitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003. Injini iko nyuma, inapozwa kwa hewa, haina rejeta ya maji wala geji ya joto. Dereva hapewi onyo lolote. Taimingi ikiwa mbaya, itakayojua kwanza ni valvu, na dereva atajua kwa bili.

Distribyuta yake inatosha kiganjani. Ndani yake kuna shafti inayozunguka nusu ya kasi ya kranki. Juu ya shafti kuna rota, inayogawa umeme kwa plagi nne kwa zamu. Chini ya rota kuna pointi, vyuma viwili vidogo vinavyokutana na kuachana kila mojawapo ya nundu nne za shafti inapopita. Pointi zikikutana, umeme wa betri unapita kwenye koili. Zikiachana, umeme huo unakatika ghafla, na kukatika kwake ndiko kunakozaa volti zaidi ya 15,000 zinazoruka kwenye plagi. Hapa ndipo wanaojifunza wengi hupotea: cheche huruka pointi zinapofunguka, wala si zinapofunga. Pembeni kuna kondensa, kikopo cha bei rahisi kisichopewa heshima yoyote, lakini bila hicho cheche ingeishia kwenye pointi zenyewe na kuziunguza. Katika mizunguko 3,000 kwa dakika vyuma hivyo viwili huachana mara 100 kila sekunde.

Fundi ninayempelekea gari hapa Dar es Salaam ni mzee wa maneno machache. Ana spana boi mmoja, kijana mwepesi, mwenye kupenda kuanza na kabureta. Karibu vijana wote wanapenda kuanza na kabureta, maana ina skurubu zinazoonekana na ukizigusa injini inabadili sauti hapo hapo.

"Mzee, nipunguze mafuta kidogo?"

"Bado. Lete fila."

Ninachokistahi kwa huyu mzee ni mpangilio kabla ya kitu kingine chochote. Injini lazima iwe baridi, imelala usiku kucha ikiwezekana. Kwa fila, vibati vya kupimia nafasi ndogo, ataanza na tapeti, nafasi ya valvu, milimita 0.10 au 0.15 kutegemea injini. Kisha plagi, 0.7. Kisha pointi, 0.4. Kisha taimingi. Kabureta ndiyo ya mwisho, na mara nyingi ikifika zamu yake haina tena ugonjwa wa kutibiwa. Mpangilio huu hautokani na mazoea tu. Kila hatua inaharibu iliyo baada yake ukiirudia. Ukiseti taimingi halafu ukagusa pointi, umefuta taimingi, kwa sababu pointi zikiwekwa wazi zaidi zitafunguka mapema zaidi, na badiliko dogo lisiloonekana kwa jicho huihamisha cheche kwa digrii kadhaa.

Kwenye pointi ndipo anapokaa sana. Huzitoa, huzifungua kwa kucha, huzielekeza kwenye mwanga. Pointi zilizotumika hufanya kovu: upande mmoja hutokeza kijinundu, upande wa pili shimo linalolingana nacho. Ukipitisha kibati cha fila hapo, kibati kinalala juu ya kijinundu na kukuambia nafasi ni 0.4, wakati ukweli ni zaidi. "Hizi zinadanganya geji," huwa anasema, na kuzitupa. Zilizo mpya nazo hazipokei hivi hivi. Huzifuta kwa kitambaa kisicho na mafuta, kwa kuwa kiwandani hupakwa kilinda kutu, na mafuta kati ya pointi huungua yakawa utando unaozuia umeme. Halafu hutia chembe ya grisi kwenye nundu za shafti, pale kisigino cha faiba kinaposugua. Ikizidi, itarushwa juu ya pointi. Ikikosekana, kisigino kitalika, nafasi itapungua, na cheche itaanza kuchelewa kidogo kidogo. Ndiyo maana gari la pointi haliharibiki siku moja. Linazidi kuwa zito wiki hata wiki, na mwenye gari anazoea, mpaka siku anamwazima shemeji yake na kuulizwa gari lina nini.

Sasa taimingi yenyewe. Pistoni hufika juu mara mbili katika kila mzunguko wa kazi: mara moja ikiwa imebana mchanganyiko, mara nyingine ikiwa inatoa moshi. Kranki peke yake haiwezi kukuambia ni ipi. Rota inaweza. Mzee hufungua kifuniko cha distribyuta, akatoa plagi ili injini igeuke kirahisi, akatia spana kwenye nati ya puli ya dainamo na kuivuta injini kuelekea mkono wa saa, huku jicho likiitazama rota ikikaribia mkato mdogo ulio kwenye ukingo wa distribyuta. Huo ni alama ya silinda namba moja. Rota ikifika hapo, macho yanahamia chini kwenye puli ya kranki, yenye mikato yake. Puli nyingi za miaka ya 1960 zina miwili: wa kulia ni digrii 10, wa kushoto ni digrii 7.5, zote kabla ya pistoni kufika juu. Injini za 1300 na 1500 za wakati ule zilitakiwa 7.5. Mkato husogezwa mpaka uwe sambamba na mstari wa maungio ya bloku.

Akipitiliza, harudi nyuma kidogo akasimama hapo. Anarudi robo nzima ya mzunguko, kisha anaukaribia mstari upya kwa kwenda mbele. Mara ya kwanza nilidhani ni madaha ya ufundi. Kumbe meno ya gia zinazoendesha distribyuta yana ulegevu kidogo, na ukifika kwenye alama kwa kurudi nyuma ulegevu huo unabaki upande usio wake. Injini ikiwaka inauvuta upande wa pili na hesabu yako imehama.

Kisha taa. Balbu ndogo ya volti 12, waya mmoja kwenye koili pale unapotokea waya wa distribyuta, mwingine kwenye bodi. Switchi inawashwa. Pointi zikiwa zimekutana, umeme unapita hapo na taa haina kitu. Zikiachana, umeme unatafuta njia nyingine, na taa inawaka. Boliti ya kibano inalegezwa, distribyuta inageuzwa kuelekea mkono wa saa mpaka taa izime, kisha inarudishwa kinyume polepole sana. Taa inapowaka tu, mkono unasimama. Hapo ndipo pointi zinapofunguka, hapo ndipo cheche itakaporuka, na kranki iko kwenye 7.5.

Maelezo haya utayakuta katika kitabu chochote cha ufundi wa Beetle. Kisichokuwamo kitabuni ni mkono. Kuna namna ya kugeuza distribyuta ambayo huigeuzi. Unaiegemea tu, kidole gumba upande mmoja na cha shahada upande mwingine, mpaka itoe yenyewe kile kidogo unachoidai. Na kuna boliti. Boliti ya kibano ikikazwa huwa inaiburuza distribyuta pamoja nayo, nusu digrii, digrii nzima. Spana boi huseti, taa inawaka, anafurahi, anakaza, anafunga kifuniko. Mzee hukaza huku taa ikiwa bado imeunganishwa. Akimaliza huizungusha injini mizunguko miwili kamili, ili shafti ya distribyuta ipate mmoja, akiikaribia alama taratibu. Taa ikiwaka mkato ukiwa bado haujafika, analegeza na kuanza upya. Ikiwaka umeshapita, vivyo hivyo. Sijawahi kumwona akisema "inatosha". Taa huwaka penye mstari au haijawaka.

Mafundi wengi hawafanyi haya, na wana sababu yao: wanaseti kwa sikio. Injini inawashwa, distribyuta inalegezwa, inageuzwa huku na huku mpaka mngurumo uwe mtamu, inakazwa. Dakika mbili. Wateja hushangilia. Mimi sishangilii, na sababu iko katika zile digrii za mwanzo. Injini isiyobeba mzigo hupenda cheche iwahi. Kadiri unavyoiwahisha ndivyo inavyoongeza mizunguko na kulainika, kwa hiyo sikio linalosikiliza gari lililosimama litakuvuta mbele kila mara, kupita mahali pake. Gari litaondoka gereji likiimba. Litakapofika kwenye mlima, likiwa na watu wanne na mizigo, ndipo litakapolipa.

Hilo halimaanishi kwamba sikio halina kazi. Mzee hulitumia sana, ila barabarani. Baada ya taa huenda na gari penye mwinuko, gia ya tatu, mwendo mdogo, anakanyaga mafuta hadi chini na kunyamaza. Anasikiliza sauti ya kokoto zikitikiswa ndani ya kopo. Hiyo ni injini inayogonga: mchanganyiko wa pembeni mwa silinda umejiwasha wenyewe kwa joto na mgandamizo kabla moto wa plagi haujaufikia. Isiposikika kabisa hata chembe, na gari likawa zito, huenda akaiwahisha digrii moja. Ikisikika na kuendelea, anaichelewesha. Akirudi gereji anafungua plagi moja na kutazama porseleni yake: kahawia hafifu ni salama, nyeupe yenye vidoa ni dalili ya joto kali, nyeusi ya masizi ni kesi ya kabureta, na sasa kijana anaruhusiwa kuigusa.

Kabla ya yote hayo kuna swali ambalo huliuliza hata kabla ya kufungua boneti: "Unakwenda nalo wapi?" Nililichukulia kuwa salamu, kumbe ni swali la taimingi. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina mgandamizo pungufu kwa karibu asilimia 18 ikilinganishwa na ya Mombasa. Silinda inayovuta hewa nyepesi hujaa kidogo, mchanganyiko huungua taratibu zaidi, na injini huvumilia cheche ya kutangulia bila kugonga. Ukiiwahisha ukiwa huko juu, gari litakuwa jepesi kweli. Literemshe hadi pwani, mahali silinda inapojaa hewa nzito yenye joto, na injini ileile itaanza kugonga kwenye kila kilima. Waliokuwa wakishindana katika Safari walivuka tofauti hiyo kwenda na kurudi. Kwa gari la Dar es Salaam linalokwenda Iringa swali ni mlima Kitonga: mwinuko mrefu, gia ndogo, mwendo mdogo, upepo haba wa kupoza. Injini inayogonga kidogo tu Dar itagonga Kitonga nzima.

Petroli nayo ina neno lake. Mafuta ya oktani ndogo hugonga mapema. Kipindi kile wafanyabiashara walipokuwa wakichakachua petroli kwa mafuta ya taa, kabla na hata baada ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, kuanza kutia vinasaba vya kutambulisha mafuta halali mwaka 2010, waliosikia mabadiliko kwanza walikuwa wenye magari ya pointi. Gari la kisasa lina kihisi kinachosikia mlio wa kwanza wa kugonga na kompyuta inayoichelewesha cheche papo hapo; mwenyewe hajui lolote. Beetle hulalamika kwa sauti.

Kuna mambo mawili ya uzee ambayo taa ya balbu haiwezi kuyaona. La kwanza ni springi. Katika distribyuta nyingi, chini ya pointi kuna vizito vinavyotanuka kadiri kasi inavyopanda na kuiwahisha cheche zaidi; springi zinazovibana zikilegea kwa miaka, taimingi itakuwa 7.5 safi injini ikiwa imesimama, kisha ikaruka kupita kiasi barabarani. Kwa hilo inahitajika taa ya taimingi, ile inayomulika puli kwa kila cheche, na injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 au zaidi. La pili ni distribyuta isiyokuwa ya gari hilo. Mtindo ulioenea dunia nzima ni ile ya Bosch iitwayo 009, yenye vizito peke yake bila kidude cha vakyumu cha kuiwahisha cheche. Bei yake ilikuwa nafuu na watu wakaiamini kuwa ya mbio. Huwa inasetiwa kwenye mizunguko ya juu, kama digrii 30 kwa jumla, na ukiiseti kwa 7.5 ya kitabuni umeseti gari jingine. Hata ikisetiwa sawa, kwenye Beetle ya kawaida huacha kishimo ukikanyaga mafuta ghafla: injini inasita, inakohoa, ndipo inaondoka. Sioni sababu ya kuwa nayo mjini.

Mara nyingine ustadi uko katika kujua kwamba kasoro ni ya makusudi. Kwenye Beetle za zamani rejeta ndogo ya oili ilisimama ndani ya njia ya upepo, mbele ya silinda namba tatu, na silinda hiyo ikawa inapata hewa iliyokwisha pashwa moto. Baadhi ya distribyuta zilitengenezwa na nundu ya namba tatu iliyochelewa digrii chache ili kuipunguzia joto. Fundi asiyejua, akipima silinda zote nne na kukuta moja haiko sawa na wenzake, ataitupa distribyuta nzima kwa kudhani imelika. Volkswagen waliihamisha rejeta hiyo kwenye chumba chake kuanzia magari ya mwaka 1971.

Siku hizi pointi zinaweza kuondolewa na kuwekwa kifaa cha elektroniki chenye sumaku, ndani ya distribyuta ileile. Hakina kisigino cha kulika, hakina kovu, na taimingi ikisetiwa inakaa mahali pake muda mrefu. Nikiulizwa na mtu anayelitegemea gari lake kwenda kazini, nitamwambia aweke. Mzee mwenyewe huwawekea wateja bila kinyongo, na bado huseti kwa mpangilio uleule: tapeti, plagi, taimingi, kabureta. Amepunguza hatua moja tu.

Lakini kama gari lako bado lina pointi na unapenda zibaki, zikaguliwe kila kilomita 5,000, na ulipeleke asubuhi injini ikiwa baridi. Mtazame fundi anachoomba kwanza. Akiomba bisibisi na kwenda moja kwa moja kwenye kabureta, mshukuru, washa gari, tafuta mwingine. Akiomba fila, vuta kiti ukae. Itachukua muda.